Kengele za kuitia wahudumu katika nyumba ya wazee: tufanyeje ziweze kutegemewa usiku?

Msimamizi wa Zamu (Tabora) anauliza:

Ndugu zangu, salaam. Ninasimamia zamu ya usiku katika nyumba ndogo ya kutunzia wazee hapa Tabora, yenye vyumba 9 na wakazi 16, ambao wengi wao hawana tena mtoto wala ndugu wa kuwapokea. Usiku tunakuwa wahudumu wawili tu. Naandika kwa sababu ya jambo lililotokea wakati wa mvua za mwezi Machi, ambalo mpaka leo linaninyima usingizi hata siku ambazo siko zamu.

Mzee wetu mmoja wa miaka 81, ambaye mguu wake wa kushoto umelegea kutokana na kiharusi, aliamka kwenda chooni, akateleza, akakaa sakafuni tangu yapata saa nane usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Kitufe chake cha kengele kilikuwa kimefungwa kwenye ubao wa kitanda, upande wa kichwani, na yeye alikuwa chini chooni. Aliita, lakini mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba sisi wenyewe tuliokuwa chumba cha zamu, hatua 30 hivi kutoka hapo, tulikuwa tunaongea kwa kupaza sauti. Alipochoka kuita akachukua kopo la kuogea akawa anagonga ndoo. Nilipomkuta, kopo lilikuwa bado mkononi, ukingo wake umebonyea, na neno la kwanza aliloniambia lilikuwa, "Samahani mwanangu, nimewasumbua." Namshukuru Mungu kwamba hakuvunjika mfupa, ila alikuwa ameshikwa na baridi hadi midomo inatetemeka.

Kengele tulizonazo ni zile za mlangoni zisizotumia waya, zinazouzwa madukani mjini. Kila kitanda kina kitufe chenye betri ndogo, na vipokezi vimechomekwa kwenye soketi za chumba cha zamu. Asubuhi ile nilipita kitanda hadi kitanda nikibonyeza kila kitufe mwenyewe. Kati ya vitufe 16, vitano havikutoa mlio wowote, na viwili vilitoa mlio ule ule, hivyo hata vikilia hatuwezi kujua ni nani anayeita. Kisha nikakuta kipokezi kimoja kimechomolewa, na kwenye soketi yake imechomekwa chaja ya simu ya mmoja wetu. Umeme ukikatika, jambo ambalo hapa si geni msimu wa radi, vipokezi vyote vinanyamaza kwa pamoja.

Ninyi mlio mafundi, wauguzi na wenye wazee katika nyumba kama hizi, naomba mnisaidie. Je, turudi kwenye kengele za waya? Chooni tuweke nini? Na wale wasioweza kubonyeza au wasiokumbuka kwamba kengele ipo, tuwafanyieje? Fedha tuliyo nayo ni kidogo, lakini uongozi umekubali kunisikiliza nikipeleka maelezo yaliyonyooka.

Fundi wa Isevya:

Pole sana ndugu msimamizi, na umfikishie mzee pole zangu. Nimefunga umeme katika nyumba na ofisi za mji huu kwa miaka mingi, na nitakujibu kwa upande wa vyombo tu, kwa kuwa ya uuguzi yana wenyewe.

Kosa la kwanza liko kwenye aina ya chombo. Kengele ya mlangoni imetengenezwa kwa ajili ya mgeni aliyesimama na ambaye, asiposikika, atabonyeza tena. Hulia mara moja na kunyamaza, na haibakizi alama yoyote kwamba kuna mtu aliita. Mhudumu akiwa anambadilisha mzee mwingine shuka chumba cha mwisho, wito ule umepotea. Jambo hili lilifahamika zamani sana: mwaka 1853, Florence Nightingale alipokuwa anajiandaa kusimamia nyumba ya kutunzia wanawake wagonjwa London, aliagiza kwamba kila kengele ya mgonjwa iwe na kidirisha kinachofunguka inapolia na kubaki wazi, ili muuguzi aone ni nani aliyeita. Hapakuwa na umeme, lakini wazo ndilo lile lile tunalolihitaji leo. Mzee akibonyeza, taa iwake juu ya mlango wake na kwenye ubao wa chumba cha zamu, na iendelee kuwaka mpaka mtu afike kitandani.

Hapo nasisitiza neno kitandani. Swichi ya kuzimia wito iwekwe kando ya kitanda, isiwekwe kabisa kwenye chumba cha zamu. Ikiwa mhudumu anaweza kuinyamazisha akiwa amekaa kitini, iko siku ataizima akisema "naenda sasa hivi", halafu ataitwa kwingine na kusahau. Sisemi hivyo kwa kuwadharau wahudumu. Mtu mwenye wazee wanane peke yake usiku hana budi kusahau kitu.

Kuhusu waya, ushauri wangu ni ndiyo, rudini kwenye waya. Vitufe vya redio si vibaya kwa asili yake, ila vile vya bei nafuu havina namna ya kutoa taarifa kwamba betri imekwisha. Kitufe kilichokufa na kitufe kizima vinafanana kwa macho, na ndiyo maana ulikuta vitano vimekufa bila mtu kujua. Zaidi ya hapo, kuta nene za matofali ya kuchoma hupunguza mawimbi, na kitufe kilichofanya kazi dukani kinaweza kisifike chumba cha tano. Mifumo mizuri ya redio inayojikagua yenyewe ipo, lakini bei yake ni ya hospitali kubwa.

Mfumo wa waya utumie volti 12, usitumie volti 230 za ukutani, hasa kwa kuwa utaingia chooni penye maji. Uendeshwe na betri kavu inayochajiwa muda wote, ili umeme ukikatika kusiwe na kitu chochote cha kuhamisha wala kuwasha. Betri ya ampea-saa 7 (yaani inayoweza kutoa ampea moja kwa saa saba), ile inayotumika kwenye vifaa vya kengele za wezi, inatosha: taa 16 ndogo za LED pamoja na kipaza mlio kimoja havizidi nusu ampea hata vikiwaka vyote. Kwa hesabu ya karatasini hiyo ni saa 14, na ukiondoa uchakavu wa betri, tegemea 8 au 9, yaani usiku mzima. Chaja yake isiwe ya kuchomeka kwenye soketi. Iunganishwe moja kwa moja kwenye boksi la umeme, ili pasiwe na kitu cha kuchomoa kwa ajili ya simu. Na wahudumu wawekeeni soketi zao za simu, kwa sababu simu zitachajiwa tu, iwe kwa ruhusa au bila ruhusa.

Vituo vya chooni vifungwe kwa saketi ambayo umeme unapita muda wote, na wito unatokea pale umeme huo unapokatizwa. Panya akiguguna waya, au muungo ukiachia, kengele italia yenyewe na mtakwenda kutazama. Saketi ya kawaida hufanya kinyume: waya ukikatika inakaa kimya, na mnauona ukimya huo kuwa ni amani. Inakula betri zaidi kidogo, kwa hiyo vitandani mnaweza kubaki na ile ya kawaida, lakini chooni, mahali ambapo mtu huanguka, nisingekubali vinginevyo. Waya zote zipite ndani ya bomba la plastiki, zisipite wazi kwenye mbao za dari, kwa maana panya na mchwa wa Tabora mnawajua. Kama kuna jengo la pili, msivushe waya hewani kati ya majengo. Radi za mwezi Novemba hadi Aprili zitawaunguzia kila kitu kwa siku moja.

Mhudumu Ughaibuni (Uingereza):

Mimi ni mwenyeji wa Nzega, na sasa ninafanya kazi katika nyumba ya wazee huku Uingereza. Nimesoma habari ya kopo na ndoo nikasimamisha chai yangu, kwa sababu huku pia tumewakuta watu sakafuni, pamoja na vyombo vyote tulivyo navyo.

Kwa chooni, huku hutumika kamba nyekundu inayoning'inia kutoka kwenye swichi iliyo darini. Swichi iko juu, mbali na maji, na kamba inashuka hadi karibu na sakafu. Mwongozo wa majengo wa hapa unataka kamba hiyo iwe na pete mbili nyekundu zenye upana wa milimita 50: moja iwe kati ya milimita 800 na 1,000 kutoka sakafuni, kwa aliyekaa chooni, na nyingine milimita 100 tu kutoka sakafuni, kwa aliyelala chini. Pete inasaidia kwa sababu mtu mwenye vidole vilivyokakamaa anaweza kupitisha vidole ndani yake na kuvuta bila kufumbata kamba. Marekani nako, kanuni za serikali kuu kwa nyumba za wazee zinataka mkazi aweze kuita kutoka kando ya kitanda chake, na vilevile kutoka chooni na bafuni, na wito uende moja kwa moja kwa mhudumu au mahali wahudumu wanapokaa. Chooni pametajwa kwa jina, hapakuachwa pakisiwe.

Lakini jambo ninalotaka mlishike ni hili: adui mkubwa wa kamba ile ni mtu wa usafi. Akideki, kamba inamzuia na inalowa, hivyo anaizungushia kwenye kishikio cha ukutani au anaifunga fundo juu, kisha anasahau kuishusha. Nimekuta kamba zimefungwa hivyo mara nyingi kuliko nilivyokuta swichi mbovu. Anunuliwe mtu wa usafi kamba ya nailoni isiyonyonya maji mengi, aelezwe ni kwa nini haifungwi, na akitoka chooni kitu cha mwisho kukigusa kiwe pete ya chini.

Bibi Muuguzi (Ujiji):

Mwanangu msimamizi, mimi ni muuguzi mstaafu, na miaka mingi ya kazi yangu ilikuwa ni wodini usiku hapa Kigoma. Fundi amesema vizuri na huyo kijana wa Nzega amesema vizuri. Mimi nitasema kuhusu anayeita na anayeitwa.

Kitufe kilicho upande usiofaa ni sawa na hakipo. Mtu wa kiharusi kiwekee upande wa mkono wake mzima, na kila anapogeuzwa kitandani au kuhamishiwa kitini, kihamie naye. Wapo wagonjwa wa kiharusi ambao akili yao haitambui kabisa kwamba upande ule mwingine upo; ukimwekea kitufe hapo, hata akiwa na nguvu hatakiona. Mwenye mtoto wa jicho mfungie kitambaa cheupe au chekundu kwenye waya akipapase. Mwenye vidole vya baridi yabisi hawezi kusukuma kitufe kidogo kwa ncha ya kidole. Fundi amtengenezee swichi pana anayoweza kuipiga kwa kiganja au kwa kiwiko. Usimvalishe mtu kitufe shingoni kwa kamba imara, kwa sababu kamba inaweza kumkaba akiteleza kitandani. Kama ni lazima, iwe yenye kuachia ikivutwa.

Pia usione haya kuweka kitu cha kizamani kando ya kitanda kama akiba. Tulikuwa na mama mmoja aliyeshindwa kila kitufe, mikono yake ilikuwa inatetemeka mno. Mjukuu wake akamletea njuga za ngoma, zile wanazofunga wachezaji miguuni, tukamfungia mkononi, na huko kutetemeka kwake kwenyewe kukawa ndiko kunakoliza. Shida ikawa kwamba zililia hata akiwa hataki kitu, basi tukaanza kumvulia mchana na kumvalisha usiku, na kila zilipolia kwa mfululizo tulikwenda. Filimbi nayo inafaa kwa mwenye pumzi. Kwenye mvua kubwa hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachosikika mbali, kwa hiyo msiviache vichukue nafasi ya taa ya mlangoni.

Sasa, kuhusu asiyekumbuka kwamba kengele ipo. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau utamwelekeza jioni, atakuitikia vizuri kabisa, na saa saba usiku hatajua kile kitu ni cha nini. Huyo kengele yake ni miguu yako. Mpitie kwa saa zilizopangwa, na unapompitia usichungulie mlangoni tu. Muulize kama ana maumivu, kama anataka kwenda haja, kama amelala vizuri, na uhakikishe maji yake na fimbo yake viko anapofika. Wasioweza kujigeuza mnawageuza kila baada ya saa mbili ili wasipate vidonda vya mgandamizo, yaani vile vya kulalia upande mmoja muda mrefu. Safari hizo hizo zitumieni kwa wengine. Utaona wenyewe kwamba mkipita hivyo kengele zinapungua, kwa sababu wengi huita kwa ajili ya choo na maji, na wengi huanguka wanapokwenda chooni peke yao baada ya kukata tamaa ya kusubiri. Wengine hutumia mkeka wenye swichi ndani yake, unaowekwa chini ya miguu kando ya kitanda, hivyo mzee akisimama unaita wenyewe. Ni kitu kizuri, lakini kinamwambia mhudumu kwamba mzee tayari amesimama, na kama mhudumu yuko mbali atafika amechelewa.

La mwisho ndilo linalonigusa. Mzee wako alisema "samahani, nimewasumbua." Neno hilo hakulitoa hewani. Yupo mtu, siku fulani, aliyemjibu kwa kuvuta midomo, au aliyemwambia "wewe tena?" Mzee aliyelelewa kwa heshima akijibiwa hivyo mara moja hatabonyeza tena, hata umfungie kengele ya dhahabu. Kaa na wenzako wa zamu, mzungumze bila kumtaja mtu, na mkubaliane kwamba anayeitika wito anaanza kwa kusema, "Nimekuja, shikamoo." Kwa kuwa mwenye kuamkiwa ni yeye, hajisikii tena kama mwombaji.

Binti wa Urambo:

Shikamoo bibi. Mama yangu yuko katika nyumba ya wazee, na ninaomba kuongeza jambo moja dogo. Kwa miezi miwili tuliambiwa kwamba mama "hapendi kutumia kengele". Nilipomuuliza kwa Kinyamwezi, kwa utulivu, tukiwa wawili tu, alinijibu kwamba anaogopa kumaliza betri, kwa kuwa alimsikia mhudumu mmoja akilalamika kwamba betri ni ghali. Alikuwa anaitunza kama anavyotunza mafuta ya taa nyumbani, akisubiri siku atakapozidiwa. Alikuwa analowesha shuka na kungoja kukuche.

Kwa hiyo naomba wazee waulizwe wenyewe kwa nini hawaiti, na waulizwe kwa lugha wanayoiotea ndoto. Kiswahili cha mama kinatosha sokoni, lakini hakimtoshi kuelezea aibu.

Msimamizi wa Zamu (Tabora):

Shikamoo bibi, na asanteni nyote. Nimewasomea wenzangu wa zamu majibu haya yote kwa sauti, na tulipofika kwenye maneno ya Binti wa Urambo mmoja wetu alitoka nje kidogo. Nimepeleka ombi kwa uongozi kwa mpangilio wa fundi: volti 12, betri, taa juu ya mlango, swichi ya kuzimia kando ya kitanda. Wamekubali kuanza na vyoo vyote vitatu, kisha vyumba kwa awamu.

Vyoo viwili vimekamilika. Kabla sijasaini kwamba kazi imepokelewa, nilitandika gunia nikalala sakafuni pale pale alipoangukia mzee wetu, nikalaza mguu wa kushoto kama vile haupo. Kamba nilikuwa naiona, lakini sikuweza kuifikia: ilikuwa imeshushwa nyuma ya pipa la maji, na pipa hilo likijaa halisogei. Tumehamishia swichi upande wa pili wa dari. Nimelala tena mara mbili, mara moja kwa mgongo na mara moja kwa ubavu, na sasa pete ya chini naishika.

Vitufe vya redio bado vipo vitandani kwa sasa, na kila siku saa mbili usiku, kabla taa hazijazimwa, kila mzee anabonyeza chake mbele ya mhudumu, kisha tunaandika kwenye daftari. Nilitaka kwanza tubonyeze sisi, ili tusiwachoshe, lakini nimeona ni afadhali mkono uwe wa mzee mwenyewe. Yule mzee wetu siku ya kwanza alishika kamba ya chooni akanitazama, akaniuliza, "Nivute kweli?" Nikamwambia avute. Mwenzangu alitokea mlangoni akikimbia, akamwamkia, na mzee akavuta tena mara ya pili.

Fundi, nabaki na swali moja. Betri ya ampea-saa 7 tutajuaje kwamba imechoka kabla haijatuangusha?

Fundi wa Isevya:

Mara moja kila mwezi, mchana, zimeni chaja kwenye boksi, washeni wito mmoja na muache taa yake ikiwaka hadi jioni. Kabla ya kurudisha chaja, pima volti. Ikiwa chini ya 12 baada ya saa sita za taa moja tu, msiingojee, nunueni nyingine. Andikeni tarehe ya kuifunga juu ya betri yenyewe kwa kalamu ya wino mzito. Nitapita Jumamosi kumalizia choo cha tatu, na nitakuja na kamba ya nailoni ya akiba.